Koti la Idi na Petroli ya Chupani

Mume wangu alikuwa akiuza petroli kituoni, kwenye barabara ya Donholm, na huko hakuwa na mchezo. Mteja akija na sigara mdomoni hapewi hata tone mpaka aizime, awe karani au bwana mkubwa. Wenye magari walimwona mjeuri. Mimi nilimwona mjuzi, ndiyo maana sikumwuliza neno siku aliporudi nyumbani Pumwani na petroli kwenye chupa ya soda.

Ilikuwa alasiri, kesho yake Idi. Koti lake la sufu, lile la kuvaa juu ya kanzu, lilikuwa na doa la grisi kifuani, na mtaani kwetu doa la grisi lilitolewa kwa petroli. Mvua ilikuwa inanyesha, tukafunga mlango na dirisha. Yeye alichuchumaa pembeni na beseni lake, akisugua. Mimi nilisimama mezani nikiipiga kanzu yake pasi, pasi ya makaa. Binti yetu wa miezi minane alilala mkekani, katikati yetu. Chumba kilikuwa kimoja, tungemweka wapi pengine?

Mtoto akaanza kukohoa, kisha akalia. Mimi niliyesimama nilisikia harufu kidogo tu.

"Mwache alie, mke wangu," mume wangu akasema bila kugeuka. "Maliza kanzu kwanza, makaa yatapoa."

Nilikasirika. Kanzu ndiyo itangulie mtoto? Nikamnyanyua, nikamweka begani, ndipo nikaitua pasi sakafuni, juu ya tofali lake. Papo hapo moto ukatoka kwenye pasi, ukapita juu ya mkeka mbio mbio, ukafika kwenye beseni. Nikanyakua ndoo ya maji.

"Si maji! Utausambaza!" alipiga kelele. Akalifunika beseni kwa sinia letu la pilau, moto ukafa. Mkeka uliokuwa unaungua akautupa nje mvuani.

Tulipoweza kusema, akanieleza. Petroli hutoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini sakafuni. Ukikuta kaa la moto huwaka, hata kama petroli yenyewe iko mbali.

"Ulikuwa unajua?" nikamwuliza.

"Nilikuwa najua."

"Na mtoto alikuwa amelala wapi?"

Akaenda kufungua dirisha.

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ningelisikia la mkuu wangu, ningemaliza kanzu, pasi ingeshuka palepale, na mtoto angekuwa bado mkekani. Nilimchukia mume wangu siku ile, sifichi.

Asubuhi alikwenda kuswali Idi na kanzu iliyopigwa pasi upande mmoja, bila koti. Nasi tulijaliwa watoto wengine wanne baada ya yule. Alipolia yeyote kati yao, mchana au usiku, baba yao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka.