Chakula cha Safari ya Kutwa

Fundi Baridi hakupewa jina hilo kwa upole wake. Alikuwa fundi wa mafriji, na kwa kazi, tusimnyime haki yake: friji iliyokwisha tupwa uani kuku watagie, yeye aliirudisha jikoni ikigandisha barafu. Ila mdomo! Mdomo ndio uliomponza.

Baba yake alipofariki, huko ng'ambo ya milima, dada yake alimpigia simu asubuhi: maziko ni jioni, njoo. Siku hiyo Baridi alikuwa anatengeneza chumba cha baridi cha muuza nyama, tajiri mwenye hasira za karibu, na kuiacha kazi ile aliona ni kumwaga unga. Akamwambia mama yake kwa simu, "Mama, ndege ya huku ni kama basi. Inatua kila mji, inashusha, inapakia. Ni safari ya kutwa. Nitafika mmeshazika."

"Usijali, mwanangu," mama akajibu. "Mbali ni mbali."

Ubaya ni kwamba mama aliamini. Ndugu walipoanza kunong'ona, eti mtoto gani huyu asiyemzika baba yake, ni yeye aliyewakalia kooni: "Mnapajua alipo? Kutwa nzima angani!" Miaka mitano alimtetea hivyo, na kijana wake akapokea utetezi huo bila aibu.

Aibu ilikuja Jumamosi moja, dada alipopiga simu.

"Kaka, nimemkatia mama tiketi, anakuja kukuona. Sasa hivi anapanda ndege."

"Leo?"

"Leo. Na tiketi inasema safari yote ni ya saa moja na robo, kaka. Mimi sijamwambia kitu. Utamwambia wewe." Akakata simu.

Lo! Fundi alijiketia juu ya friji ya mteja, jasho likimtiririka. Akatunga uongo wa pili, akauona mbovu. Akatunga wa tatu: siku hizi kuna ndege mpya, haitui popote njiani. Huo akauona unasimama, akaenda nao hadi uwanja wa ndege akiurudia moyoni.

Kweli njia ya mwongo ni fupi. Hata hajapata pa kusimama, mama huyo anatoka, mdogo kuliko alivyomkumbuka, amekumbatia bakuli kubwa lililofungwa kwa taulo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, siku hizi ndege..."

Mama alikuwa akimtazama tu. Hakuwa na hasira, ila macho yake yalikuwa mekundu. Fundi akauacha uongo wake hapo hapo. Aliona haya, haya ya mtu mzima aliyevuliwa nguo sokoni, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama akaketi kwenye benchi, akaanza kufungua taulo taratibu.

"Nilijifungia chakula cha mchana na cha jioni," akasema. "Jirani yangu wa kiti akanicheka. Akaniambia, bibi, hilo taulo hutawahi kulifungua, tunatua."

"Mama, siku ile ya baba..."

"Kula, baba." Akamshikisha kijiko. "Hata hakijapoa."

Fundi akatia kijiko mdomoni. Kweli, chakula kilikuwa bado cha moto, na hakikumezeka.