Panya Wasioona na Uongo Wangu

Miaka ya tisini niliajiriwa katika maabara iliyochunguza upofu wa kurithi kwa kutumia panya. Nyumbani Mathare nilijigamba kwamba tunawatibu panya hao macho. Jirani yangu Mama Akinyi, ambaye wanawe wawili walikuwa wakipofuka kama baba yao, aliniuliza kama dawa ipo. Nikamwambia ipo, na panya wetu sasa wanaona.

Jumatatu nikamkuta langoni mwa maabara na watoto, wamevaa nguo za kanisani. Mtafiti mkuu alimsikiliza, akamjibu kwa upole, "Mama, hatujaponya hata panya mmoja. Tunawazalisha wakiwa na ugonjwa huu ili tuuelewe."

Mama Akinyi akanigeukia. "Baba Otieno, si uliniambia wanaona?"

Nikamwambia ukweli mbele ya watoto: kazi yangu ilikuwa kuosha vizimba.