Michikichi Sitini kwa Sitini

Huko Kizuka, kijiji kilicho kati ya ziwa na mlima, watu waliiamini kamba ya kupimia ya Mwalimu Zabroni kuliko kiapo. Yeye ndiye aliyeitwa kugawa shamba la michikichi kati ya Eliana, mjane aliyerejea kutoka uhamishoni Tanzania, na mzee Wenceslaus, aliyelilima shamba hilo tangu wazazi wa Eliana walipokimbia. Makubaliano yalikuwa nusu kwa nusu.

Zabroni aligawa kwa desturi yetu, mti kwa mti: sitini upande wa ziwa kwa Eliana, sitini upande wa mlima kwa Wenceslaus. Pande zote mbili, kila mchikichi ulikuwa mita tisa kutoka kwa jirani yake. Miti ya mpaka ikapandwa, pombe ya ndizi ya kufunga mapatano ikanywewa, na Eliana akasimama mbele ya watu.

"Murakoze, asante, Mwalimu. Leo ndiyo nimerudi kweli."

Juma lililofuata Zabroni alifundisha maumbo. Alichora ubaoni mraba, nafasi ya mchikichi uliopandwa kwa safu zinazotazamana, kama ile ya Wenceslaus. Kando yake akachora pembesita, nafasi ya mchikichi wa safu zinazopishana, ambao umezungukwa na wenzake sita, kama ile mikongwe ya upande wa ziwa. Akagawa ubao kwa visanduku, kila kimoja kikiwa mfano wa mita moja ya mraba, akawaambia wanafunzi wavihesabu ndani ya kila umbo.

"Vitalingana," alisema, "kwa sababu miti imeachana sawa."

Havikulingana. Mraba ulikuwa na themanini na kimoja. Pembesita, kama sabini.

"Mwalimu, hii ya mraba iko kubwa," alisema Schékinah, msichana wa dawati la mbele.

"Hesabu tena. Vipande unganisha na vipande."

"Nimeunganisha vyote. Labda tukuweke na wewe ndani ya pembesita, Mwalimu, ndiyo itajaa!"

Darasa zima likacheka. Zabroni hakucheka. Alitoa sabini katika themanini na kimoja. Kila mchikichi wa Eliana ulikuwa umempunja mita kumi na moja za mraba, naye alimpa sitini.

Nasema wazi, wala simwombi radhi mtu yeyote: desturi inayohesabu mashina na kuuacha udongo bila kupimwa ni dhuluma iliyovaa joho la haki. Anayerudi hukabidhiwa idadi, akatakiwa ashukuru. Zabroni aliyajua hayo sasa, na bado akanyamaza. Alianza kupita njia ya nyuma ya vinu vya mawese ili asionane na mjane yule, aliyezidi kumsifu kwa kila mtu. Huko huko Eliana akamkuta, jembe begani.

"Mwalimu! Kesho nachimba msingi wa nyumba, pale pale mpakani. Njoo uniombee baraka."

Alfajiri Zabroni alikuwa shambani kabla ya jembe kuinuliwa. Alimwita Wenceslaus, na majirani wakaja. Akasema yote: mraba, pembesita, upungufu, na siku alizojificha.

"Pombe imekwisha kunywewa," Wenceslaus alifoka. "Utaitapika? Na mpaka ukisogea, safu yangu moja inaenda kwake. Atanizidi miti!"

"Kaa na miti yako, baba," Eliana alimjibu. "Chikichi utaendelea kuvuna wewe. Mimi nataka udongo chini yake, nipande mihogo."

Majirani waliguna kukubali. Mzee alisonya, akatazama huku na huku, asipate wa kumuunga mkono.

"Haya. Lakini huyu asiguse kamba."

Zabroni alikuwa amekwisha kuishika. Akaiachia. Chanceline, mke wa jirani, akaiokota, akapima udongo wenyewe pembe hadi pembe, kila upande mara mbili, huku mwalimu akisimama nje ya shamba kama mgeni. Mpaka ulisogezwa kuelekea mlimani. Jembe la Eliana likaanguka mahali papya.

Zabroni alisogea, akamwomba Eliana ruhusa ya kumsaidia kuchimba.

"Hapana, Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa. "Nilikusifu mbele ya watu. Siku zote zile ulijua, ukaniacha niendelee kukusifu."

Zabroni aliondoka kwa njia kuu, mchana kweupe, mbele ya macho ya wote.