Mlango wa Jikoni Uliombeba Baba

Mwanangu, kila asubuhi nasikia hatua za baba yangu akienda zizini: fimbo, mguu wa kushoto, kisha wa kulia unaoburuta kidogo. Nikizisikia nakumbuka siku moja ambayo nusura nizinyamazishe kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa kumpenda.

Wakati huo nilikuwa naendesha pikipiki, moto kama tunavyosema kwetu, nikibeba watu kati ya Muheto na Masisi. Baba alikuwa juu ya ukingo wa barabara akikata majani ya ndama. Udongo uliolowa ukamponyoka, akaanguka chali hadi chini. Nilimkuta anatazama mawingu. Akaniambia kwa utulivu kwamba hawezi kuinua miguu, na kwamba ndani yake ni kama siafu wanapita.

Desturi yetu unaijua. Mgonjwa asiyejiweza hukalishwa katikati ya kiti cha moto, dereva mbele, ndugu nyuma wa kumkumbatia. Wengi wamefika hospitalini hivyo na homa zao wakapona. Nilikwisha kumshika baba makwapani, binamu yangu ameshika miguu, ndipo Mama Nyota akasimama mbele ya gurudumu. Alikuwa jirani yetu, mjane aliyeuza maziwa.

“Zima kwanza iyo moto,” akasema. “Moto yako iko na haraka kuliko akili.”

Nilimjibu vibaya. Nilisema maneno ambayo hata leo sitayarudia kwako. Hakusogea. Alingoja nimalize, kisha akasema polepole:

“Bwana yangu alianguka vile vile. Tulimukalisha katikati ya vijana mbili. Alifika ku lopitalo, kwa madaktari, muzima, lakini miguu yake ilibakia mu njia.”

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu la kuvunjika siku ile halikuwa langu, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikazima moto.

Mama Nyota aliagiza mlango wa jikoni kwake ung'olewe. Tulimgeuza baba wote kwa pamoja, kwa hesabu ya sauti moja, kama gogo, kichwa kikifuata kiwiliwili, tukamlaza juu ya mlango. Kila upande wa kichwa Mama Nyota akaweka kifuko cha maharagwe ili shingo isicheze. Kidole kimoja hakivunji chawa: wanaume wanane walibeba, wakipokezana, jinsi wazee walivyobeba wagonjwa kwa machela ya tipoyi. Mimi nilipewa kazi ya kutembea mbele na kutaja njia. “Jiwe. Shimo. Utelezi.” Barabara niliyoipita kila siku kwa mbio, sikujua kwamba ina mawe mengi hivyo.

Hospitalini baba alilazwa chali bila kukalishwa. Wiki ya pili muuguzi, Papa Anselme, alimgonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu ukaruka. Nikasimama. Nikasema baba amepona, nikashika mkono wake nimwinue. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na nadhani la kijinga zaidi.

“Kaa chini, kijana,” Papa Anselme akasema, akitabasamu. “Mguu imejibu mugongo. Kichwa bado.”

Nilimuuliza maana yake, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Akaniuliza kama nimeona ng'ombe akichinjwa. Ile kamba nyeupe, laini, iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, ndiyo aliyoiita mgongo. Kwa mtu unene wake haupiti kidole kidogo. Inashuka kutoka kwenye ubongo hadi chini kidogo ya mbavu, na kutoka hapo neva zinaning'inia kama mkia wa ng'ombe. Amri za kichwa hupita humo kwenda miguuni, na habari za miguu hurudi humo humo. Lakini goti likigongwa, kamba hujibu yenyewe bila kungoja kichwa. Ndiyo maana mguu unaweza kuruka na mwenyewe asiweze kuutembeza. Mfupa ukivunjika bila kuikata kamba, bado kuna tumaini. Mtikisiko mmoja wa njia unaweza kumaliza tumaini hilo.

Siku kadhaa baadaye Papa Anselme hakuleta kinyundo. Alimwomba tu baba asogeze kidole gumba cha mguu. Tulingoja. Kidole kikainama, kidogo sana, kisha tena. Baba akasema, “Hiyo ni mimi.” Nikatoka nje nikalia.

Nilirudisha mlango kwa Mama Nyota nikaufunga mwenyewe, na nikamwomba msamaha. Alisema tu kwamba panya walikuwa wameingia jikoni. Tangu hapo nimesoma kila kitabu cha mwili nilichokipata, neno kwa neno, na bado yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza.

Mwanangu, mtu akianguka na akasema hasikii miguu, au mgongo na shingo vinamuuma, usimkalishe, usimvute, usimkande. Mlaze sawa, shika kichwa chake, ita watu, tafuta mlango. Mwenda pole hajikwai. Na mtu mzima akisimama mbele ya gurudumu lako, zima kwanza, ndipo ubishane.

Mungu akupe mgongo imara. Na siku utakayoanguka, akupe jirani atakayekubali kulala bila mlango kwa ajili yako.