Wino wa Mawe ya Tochi

Sisi tuliokulia Modogashe miaka ile ya vita vya serikali na waasi, mchezo wetu wa kwanza ulikuwa kuokota. Tuliokota maganda ya risasi na mikebe ya nyama, lakini kilichotupa raha kuliko vyote ni mawe ya tochi, yale mabetri manene ambayo askari waliyatupa nje ya seng'enge ya kambi yao yalipoisha nguvu. Tuliyafunga kwa uzi, moja nyuma ya jingine, tukayaburuta mchangani kama msafara wa ngamia. Ngamia wa kweli walikuwa wameshachukuliwa. Wajukuu zangu wana simu mkononi na bado wananiambia hawana la kufanya. Sisi, kwa mawe manne mabovu, tulihamia Kutulo kwa mchezo na kurudi kabla ya adhuhuri.

Nakumbuka chai ya rangi isiyo na maziwa, na vumbi la malori ya jeshi lililoingia hadi kwenye uji. Tulikuwa tumekusanywa katika kijiji chenye uzio, na kutoka kulihitaji ruhusa. Baba alitoka kuwatafuta ngamia wake, hatukumwona tena. Mama alifariki mvua zilizofuata. Nikabaki mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, na mdogo wangu Abdi wa miaka saba, na Rukia aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Shule niliacha darasa la tatu. Abdi hakunitaja kwa jina tena, aliniita abaayo, dada mkubwa, na kwangu jina hilo lilikuwa kazi.

Asubuhi nilimpeleka chuoni kusoma Kurani. Kila mtoto alikuja na ubao wake na wino wake. Wino wetu ulikuwa wa makaa yaliyosagwa na utomvu wa mgunga, ambao ndio ulioushikisha ubaoni. Lakini migunga yote ilikuwa nje ya uzio. Bila utomvu wino ulipauka, herufi zikapukutika, na Abdi akachapwa kwa sababu ubao wake hausomeki. Basi nikapasua mawe ya tochi, nikatoa ule unga mweusi wenye unyevu, nikaukoroga na maji. Ulishika vizuri ajabu. Maalim aliuinua ubao wa Abdi mbele ya wenzake, akauliza ni nani aliyemtengenezea wino mzuri hivyo. Abdi akasema, "Abaayo wangu." Nilisimama mlangoni nikijiona mama wa kweli.

Kisha Abdi akashikwa na homa. Maalim akafanya kama ilivyofanywa siku zote: akaandika aya ubaoni, akaiosha kwa maji safi, akampa mtoto ayanywe. Aliandika kwa wino wangu. Alimnywesha asubuhi na jioni, kwa siku tatu, na mimi ndiye niliyeshika bakuli. Siku ya tatu Abdi alitapika kitu cheusi na midomo ikatoka vidonda.

Nikambeba hadi kwa dresa, mtu wa bara aliyekuwa na chumba cha dawa karibu na lango. Akamwangalia kinywani, akaniuliza amekunywa nini. Nikasema maji ya ubao. Akauliza wino umetengenezwa kwa nini.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Wiki hiyohiyo kijana mmoja alikuwa amekamatwa na askari akiwa na mawe mawili ya tochi mfukoni. Walisema anawapelekea waasi msituni. Askari waliyamwaga kama maganda ya ndizi pale watoto wanapocheza, kisha wakamfunga aliyeyaokota. Na askari mmoja alikuwa amekaa pale mlangoni akisafisha bunduki. Nikifungwa, Rukia atabebwa na nani?

"Makaa," nikasema.

Dresa akampa dawa ya homa. Asubuhi iliyofuata Abdi hakuweza kumeza hata maji. Nikarudi peke yangu, nikamsubiri askari aondoke, nikamwambia dresa ukweli. Dresa akachukua mfuko wake wa dawa.

"Jana uliniambia makaa."

Alikuja nami, akajaribu alichoweza, na hakunitaja kwa mtu yeyote. Tulimzika Abdi kabla ya alasiri. Dresa aliniambia haiwezekani kujua kama ni homa iliyomuua au ni ule weusi. Mpaka sasa sijui.

Leo naishi Garissa. Mwezi uliopita mjukuu wangu alitoa betri za rimoti akazirusha uani, mbuzi wakaenda kuzinusa. "Ayeyo, si ni betri tu," akaniambia mimi bibi yake nilipofoka. Jirani huchoma zake pamoja na takataka, moshi ukiwafikia watoto wake. Mimi huziweka kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko, juu, mbali na mikono midogo, na ukijaa nampelekea fundi wa redio sokoni, azipakie kwenye lori la Nairobi kwa wanaojua kuzifungua. Vijana wananiita Mama Betri. Waniite.

Enzi zetu tuliogopa kusema tumezitoa wapi. Siku hizi hakuna wa kumwogopa, hakuna lango wala bunduki, na safari ya kuzipeleka mahali salama ni dakika kumi kwa miguu. Nawaangalia wakizitupa. Abdi angekuwa na wajukuu wa rika lao.