Boksi la Vyombo vya Mama

Anayehama baada ya kukaa nyumba moja miaka thelathini na mmoja hana siri tena mbele ya wabebaji. Wataona godoro lake lilivyo upande wa chini. Wataona kabati lililosimamishwa kwa matofali, na dawa za miguu zilizofichwa nyuma ya redio. Mwalimu alilijua hilo, na ndiyo maana wiki nzima kabla ya lori kufika alikuwa akifua na kupiga pasi mapazia ambayo yangekunjwa tu na kusukumizwa ndani ya gunia.

Alikuwa amefundisha ushoni tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa hadi daktari wa meno, ulimwita Mwalimu. Alikuwa mwanamke wa kufa na tai shingoni, ingawa tai yenyewe hajaivaa hata siku moja. Akiazima sukari kwa jirani, atairudisha mara mbili, kisha siku tatu hatanunua ya kwake. Viatu vyake vilikuwa jozi moja, lakini ving'avu kiasi kwamba watu walidhani ana jozi nne.

Sasa alikuwa anarudi kisiwani alikozaliwa, kisiwa kidogo ambacho kivuko chake hubeba lori moja na watu wasiozidi hamsini. Dada yake mkubwa alikuwa mjane, ana chumba cha ziada, na alikuwa amemwita kwa maneno machache: "Njoo tuzeeke pamoja, mdogo wangu." Kila alipopiga simu, Dada alimalizia na swali lile lile.

"Vya Mama vipo?"

"Vipo, dada."

Vya Mama zilikuwa sahani kumi na mbili zenye ukingo wa buluu, ambazo mama yao alikuwa hazitoi ila kwa wageni wa heshima. Zikiazimwa kwenye shughuli za watu, zilirudi zote, maana chini ya kila sahani alikuwa ametia tone la rangi nyekundu ya kucha ziweze kujulikana. Mama alipofariki, ilikuwa haki ya Dada kuzichukua, kwa sababu yeye ndiye aliyemuuguza miaka minne, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko. Lakini Dada alizifunga mwenyewe akampa mdogo wake. "Wewe ndiye unayepokea wakubwa huko," alisema. "Siku ukirudi, urudi nazo." Na sasa, kwa kuwa siku imefika, Dada alikuwa amemwita seremala akamtengenezea kabati la vioo la kuziweka.

Sahani hazikuwepo. Mwalimu alikuwa ameziuza mwaka ule aliostaafu, kwa mama mmoja mwenye mgahawa, ili siku ya kuagwa kwake shuleni watu wapate la kusema. Alishona gauni jipya, akakodi viti vyenye vitambaa, akaagiza keki ya ghorofa tatu. Na watu walisema, kweli. Walisema siku mbili.

Kuna mambo mtu akiyafikiria jikoni peke yake huyaona ya busara kabisa. Mwalimu alikwenda sokoni, akanunua sahani kumi na mbili zenye ukingo wa buluu uliokaribia ule wa Mama. Akafunga kila moja kwa gazeti, kisha kwa kitambaa, akakaza kwa uzi kwa ustadi wa mtu aliyekula mkate wa sindano maisha yake yote. Halafu akachukua mchi akaipiga kila moja mara moja tu, katikati. Ya kwanza ilimshtua. Kufikia ya tatu mkono ulikuwa umezoea. Vifurushi vilibaki na umbo la sahani na havikutoa mlio wowote vikitikiswa. Akavipanga ndani ya boksi, akaandika juu kwa herufi kubwa: VYOMBO VYA MAMA. TARATIBU.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Wabebaji ni watu wa kupita. Watalaumiwa, watasema pole, watapanda kivuko, na hatawaona tena. Dada atalia kidogo, basi.

Ubaya ni kwamba wabebaji aliowapata hawakuwa wale aliowahesabia.

Walikuja wawili. Mkubwa wao alikuwa mfupi, mpole, na neno alilolitamka tangu asubuhi mpaka jioni lilikuwa moja, ndiyo maana kazini wote walimwita Taratibu. Alipoliona lile boksi alicheka mpaka akashika mlango. "Mama, yaani mimi umeshaniandikia barua?" Mwenzake alikuwa dereva, mtu mrefu aliyeingia kila chumba kwa kuinama, na jina lake la kazini halikuhitaji akili nyingi. Walimwita Mrefu.

Taratibu alikuwa na desturi yake. Cha kuvunjika hakikupanda nyuma ya lori. Alikipakata mwenyewe mbele, safari nzima, kwa sababu gati la kisiwani lina ubao mbovu unaorusha gari. Alilinyanyua boksi, akaliweka sikioni, akalitikisa kidogo.

"Kimya kabisa," alisema. "Mama, umefunga kama fundi. Ningepata wateja kumi kama wewe ningelala usingizi."

"Nimezoea kazi ya mikono," Mwalimu akajibu, akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Njiani walikaa watatu mbele, Mrefu kwenye usukani, Taratibu katikati na boksi mapajani, Mwalimu dirishani. Mrefu aliendesha kama amebeba mgonjwa. Taratibu alieleza sababu bila kuulizwa. "Huyu ndugu yangu alivunja kioo cha watu miezi miwili iliyopita. Sheria yangu ni moja, ukivunja unashuka. Nilimsamehe kwa sababu ana mtoto mchanga. Lakini mara ya pili hakuna."

"Hakutakuwa na mara ya pili," Mrefu akasema, macho barabarani.

Mwalimu alihisi moto shingoni. Alitazama mapapai ya wauzaji barabarani kana kwamba anayahesabu. Hapo ndipo angeweza kusema, na alijua kwamba ndipo. Hakusema. Kwenye kivuko upepo ulipoanza kuwa mkali, Taratibu alivua sweta lake, akalikunja, akaliweka chini ya boksi, akabaki na fulana akitetemeka. "Vya marehemu hivi," alisema. "Vina uzito wake."

Kisiwani vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo lori lilibaki gatini na vitu vikaendelea kwa mkokoteni. Mlinzi wa gati alimwita Taratibu atie sahihi kwenye daftari la mizigo. Kwa dakika hizo chache, Taratibu akampa Mrefu lile boksi alishike, pamoja na sweta lililokuwa chini yake. Mrefu alisimama nalo bila kusogeza hata unyayo. Mwalimu alimwona. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuona.

Dada Mkubwa hakutaka kusikia habari ya kitanda wala magunia. Alimkumbatia mdogo wake, akamshika mkono, akamwonyesha kabati la vioo lililosuguliwa mpaka linaakisi dirisha. "Tuanze na vya Mama," akasema. Akaketi mkekani, akakata uzi wa kifurushi cha kwanza kwa meno.

Vigae vilimwagika mapajani mwake. Akafungua cha pili. Cha tatu. Akaacha. Taratibu, aliyekuwa mlangoni na mguu wa meza mkononi, akauweka chini polepole.

"Haiwezekani," alisema. "Nimelipakata mimi."

Kisha wote watatu, bila kutaka, wakamtazama Mrefu.

"Kaka, sikuliangusha," Mrefu akasema. "Wallahi sikuliangusha. Nilisimama tu." Akapiga magoti pale mkekani mbele ya Dada, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na hata akiwa amepiga magoti kichwa chake kilikuwa juu ya cha Dada. "Mama, nisamehe, lakini sijui imekuwaje."

Taratibu alimgeukia Mwalimu. Aliuliza kwa adabu, kama anaogopa kumkosea. "Mama, ulizifunga zikiwa nzima?"

"Nzima," Mwalimu akasema. Na kwa kuwa neno moja lilionekana dogo, akaongeza: "Nilizifunga kwa mikono yangu."

Dada alikuwa ameokota kigae. Alikigeuza, akakitazama chini. Akaokota kingine, akakigeuza pia. Akavirudisha kwenye gazeti.

"Basi, ndugu yangu," Taratibu akamwambia Mrefu. "Unga wako umemwagika. Tukifika ng'ambo utafute kazi nyingine."

Walimaliza kupanga vitu kimya. Walifunga kitanda barabara, wakanyoosha kabati lisiyumbe, wakafagia hata takataka ambazo si zao. Taratibu aliomba radhi mara nne. Saa kumi kasorobo wakatoka na mkokoteni mtupu, Mrefu nyuma, hatua kumi mbali na mwenzake.

Mwalimu aliketi juu ya kitanda chake. Dada alikuwa bado mkekani, hasogei. Pembeni mwa boksi, limekunjwa vizuri, lilikuwa sweta la Taratibu. Kiwiko chake kilikuwa kimetoboka na kushonwa na mtu asiyejua kushona. Mwalimu alilitazama lile shono baya na machozi yakamjaa, ya hasira ya kujichukia, maana mtu yule alikuwa ametetemeka na fulana ili vigae vya sokoni vipate joto.

Akalichukua akatoka. Mwanzoni alitembea, kwa sababu Mwalimu hakimbii njiani. Aliposikia king'ora cha kivuko alikimbia. Kanga ilimponyoka kichwani na hakurudi kuiokota.

Lori lilikuwa limeshapanda. Taratibu alikuwa kwenye usukani mwenyewe. Mrefu alikuwa amesimama na abiria kando ya chuma cha ukingoni, kama mtu asiyekuja na gari lolote. Mlinzi alikuwa ameshika mnyororo.

"Ngojeni!" Mwalimu akaita. "Nimeleta sweta."

Taratibu alishuka, akalishika, akashukuru. Mwalimu hakuliachia.

"Hakuvunja," akasema.

"Nani, mama?"

"Mimi. Nilizivunja mimi nyumbani, kwa mchi, kabla hamjafika. Na hata si sahani za Mama. Za Mama niliziuza." Alisema kwa sauti ya darasani, kwa kuwa hakuwa na sauti nyingine ya kusemea mbele ya watu, na abiria wote hamsini wakasikia. Mwanamke mmoja mwenye kuku alishika mdomo. Mwalimu alitamani ardhi impasukie, lakini alikuwa amesimama juu ya zege.

Taratibu alitazama mikono yake. "Nilikuwa nimelipakata," akasema, kana kwamba hilo tu ndilo alilolielewa. Kisha akatembea mpaka penye chuma, akamshika Mrefu begani, akamwambia jambo kwa sauti ya chini, akampa ufunguo wa lori.

Mrefu hakuupokea mara moja. Alimjia Mwalimu mpaka akawa karibu sana, akainama kama anavyoinama milangoni.

"Nilipopiga magoti," akauliza, "ulikuwa unanitazama. Ulikuwa unafikiri nini?"

Mwalimu alifungua mdomo. Alikuwa amefundisha maelfu ya watoto na hakuna swali lililowahi kumshinda hivyo. Alikuwa anafikiri kwamba mambo yamekwenda vizuri. Hilo ndilo lililokuwa jibu, na hakuweza kulitoa. Mrefu alingoja, akaona halitoki, akachukua ufunguo kwa Taratibu akapanda gari. Mnyororo ukafungwa.

Mwalimu aliporudi, kanga yake ilikuwa imetundikwa na mpita njia kwenye ua wa mtu. Dada alikuwa mlangoni.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia." Kisha akashtuka. "Dada, ulijua?"

"Mama alitia rangi ya kucha. Nilitazama kigae cha kwanza, nikatazama cha pili, rangi hamna." Dada aliongea bila ukali, na hilo lilimkata Mwalimu maini zaidi. "Zake ziko wapi?"

"Niliziuza."

"Kwa shida gani?"

Mwalimu alitamani iwe ni ugonjwa, ada ya mtoto, msiba, chochote. "Keki," akasema. "Ya siku ya kuagwa."

Dada akauliza, "Ilikuwa tamu?"

"Sikuonja. Ilikwisha kabla haijanifikia."

Dada aligeuka akaingia ndani, na Mwalimu akamfuata mpaka penye mkeka. Kabati la vioo lilikuwa pale pale, tupu, likiwaonyesha wote wawili.

"Mbona hukusema mbele yao, dada? Yule mtu alipiga magoti."

"Nilikosea. Nitamwomba radhi, nitakwenda mwenyewe. Lakini nilitaka kujua aliyehamia kwangu ni nani."

"Na kama nisingekwenda gatini?"

Dada alifikiri, kama mtu anayepima kitambaa.

"Kivuko cha kwanza kesho ni saa moja asubuhi, ungekipanda," akasema. Kisha akamwonyesha ufagio ulipo, azoe vigae.