Maandazi ya Mama wa Mzee Kofia

Harufu ya mkanda wa video uliopata moto, ikichanganyika na ya udi aliofukiza Bibi baada ya sala ya Ijumaa, ndiyo inayonirudisha mtaa wa Deira, Dubai, nilipokuwa na miaka kumi. Tulikaa ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa, na kila Ijumaa alasiri sebule yetu ilijaa wanawake wa Afrika Mashariki: yaya, wapishi, wasafishaji wa maofisi, kila aliyeruhusiwa kupumzika siku hiyo. Viatu vyao vilitapakaa mlangoni hadi karibu na lifti. Walikuja kutazama filamu za Kimarekani, lakini kusema kweli walikuja kumsikiliza bibi yangu. Kiingereza cha filamu kilikwenda mbio mno, ila chini ya kioo ilipita tafsiri ya Kiarabu, na Bibi, Mzanzibari aliyekisoma Kiarabu tangu utotoni, alitugeuzia yote kwa Kiswahili huku akitia chumvi apendavyo.

Kipenzi chetu alikuwa mwigizaji mmoja mzee, mrefu, mwenye sauti nzito, ambaye hatukuwahi kumwona kichwa wazi. Jina lake lilitushinda kutamka, tukamwita Mzee Kofia. Alikuwa hakimu, jambazi, padri, nahodha, na karibu kila mara alikufa kabla filamu haijaisha, jambo lililomuudhi Bibi kupita kiasi. Mkanda ukiisha, Bibi alitusimulia maisha yake: kwamba mama yake alikuwa mjane aliyemlea kwa kuuza maandazi, kwamba alianza kwa kufagia ukumbi wa maigizo, akapanda jukwaani, akakaa huko miaka mingi mpaka sinema ikamwita akiwa tayari ana mvi. Nilidhani ameyasoma kwenye majarida. Aliyeyapenda kuliko wote ni Dada Agnes, yaya kutoka Tanga. Alikuwa amemwacha mwanawe, Baraka, huko kwao kwa mama yake mzazi, naye bibi huyo aliuza maandazi stendi.

"Bibi, hebu nirudie pale kwa mama yake," alikuwa akiomba.

"Ai, Agnes, si ulisikia wiki jana?" Njeri wa Nakuru alimtania.

"Niache nisikie tena. Kama mtoto wa maandazi kafika kule, Baraka wangu ashindwe nini?"

Basi mwaka ule Mzee Kofia akaja Dubai mwenyewe, kusimama peke yake kwenye jukwaa la hoteli moja kubwa na kueleza maisha yake. Baba alikuwa karani wa mizigo karibu na uwanja wa ndege, na mkuu wake, ambaye Baba hakumwita ila sir, alipewa tiketi mbili asizozihitaji. Tukaenda mimi na Bibi, Alhamisi mchana, Bibi kavaa buibui la sikukuu na visheti mkobani. Hapo ndipo tulipogundua kwamba jukwaa halina tafsiri ya Kiarabu. Ikabidi mimi, mwenye Kiingereza cha shule, nimnong'oneze sikioni.

Sentensi ya kwanza tu nikamnong'oneza kwa kusitasita. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na nyumbani kwao kulikuwa na piano.

"Nyamaza, we!" Bibi alisema. "Basi yale maandazi nimeyakaanga mimi mwenyewe. Kesho utasimulia wewe. Mimi Agnes siwezi kumtazama machoni."

Nilikasirika na kuogopa kwa pamoja, lakini niliendelea. Mzee Kofia alieleza alivyobishana na baba yake, alivyoigiza miaka na miaka kwenye kumbi ambazo nusu ya viti vilikuwa vitupu, alivyokataliwa na sinema kwa kuwa mrefu mno. Akaeleza kwamba miaka yote hiyo ya dhiki mama yake alipita mlango wa nyuma kila jioni na sahani iliyofunikwa kitambaa, akawalisha waigizaji wote. Nilipomaliza kumnong'oneza hilo, Bibi alikuwa keshainuka. Akashuka polepole katikati ya viti, mabega yakicheza, akafika jukwaani na kumnyooshea Mzee Kofia noti ya dirham kumi, kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Kofia akaitazama noti, akamtazama Bibi, akaipokea kwa mikono miwili, kisha akavua kofia na kuinama. Hakuwa na unywele hata mmoja. Bibi akapiga kigelegele, na watu wakacheka na kupiga makofi mpaka Mzee Kofia akasahau alipoishia.

Kesho yake sebule ilijaa hadi jikoni. Nilisimulia kweli tupu: daktari wa meno, piano, upara, noti. Njeri alicheka hadi akajifuta machozi. Agnes hakucheka. Uso wake ulikuwa umeshuka tangu kwenye piano.

"Na mama yake?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alimpelekea chakula kila jioni. Kwenye sahani iliyofunikwa."

"Chakula gani?"

Hilo Mzee Kofia hakulisema. Nilimtazama Bibi, alikuwa ameshughulika kunyoosha kitambaa cha meza kilichokwisha kunyooka.

"Maandazi," nikasema.

"Si nilisema mimi!" Agnes aliruka, akanikumbatia nikakosa pumzi. Ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizopata mwaka ule.

Leo Bibi hayupo, Agnes alirudi Tanga, na Baraka ni fundi friji asiye na habari na jukwaa. Mimi bado niko Dubai, na kazi yangu ni kuandika tafsiri ya Kiswahili inayopita chini ya filamu. Kila mstari una kipimo chake cha herufi, na kuongeza neno lisilosemwa ni kosa. Naipenda kazi hii, ingawa hakuna anayekuja kuvua viatu mlangoni. Juzi katika filamu moja mama alimletea mwanawe sahani iliyofunikwa, na hakuna aliyeifunua. "Nimekuletea chakula," alisema, nami nikaandika vivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha nikampigia simu Agnes, nikamwambia ni maandazi.